Nondo wa podo na misindano ya Meru

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukapita Sakina na Ngaramtoni hadi Olmotonyi, Mlima Meru unakuwa mkono wako wa kulia na unasomeka kwa matabaka. Chini ni mahindi, maharage na migomba ya wananchi. Juu yake kuna miti iliyopangwa kwa mistari, umri mmoja na kimo kimoja: misindano na misaiprasi. Juu zaidi mistari inakoma, msitu wa asili unachukua nafasi yake na kupanda hadi pale ambapo baridi ya mlima huu wa mita 4,562 inaukatisha.

Tabaka la katikati ndilo linaloezeka mji. Kenchi za nyumba mpya za Moshono na Muriet, mbao za kumwagia zege, fremu za milango, madawati ya shule: sehemu kubwa ya vitu hivi hutokana na misindano na misaiprasi. Ndiyo maana inafaa wakazi wa Arusha wamjue mdudu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye chakula chake ni miti hiyohiyo. Ni nondo mkubwa, mnene, wa rangi ya kahawia, na jina lake la kisayansi ni Gonometa podocarpi. Historia yake ina funzo ambalo wapanda miti wengi hulisahau: usalama wa shamba la mbao unategemea sana msitu wa asili uliobaki jirani yake.

Mwenyeji wa misitu ya milimani

Milima yetu iliingia mapema katika vitabu vya elimu ya wadudu. Mwaka 1905 na 1906 mtaalamu wa Sweden, Yngve Sjöstedt, aliongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamaasai zinazoizunguka milima hiyo, zikiwemo sehemu za Ngare Nanyuki. Vipepeo na nondo wa msafara huo walichambuliwa na Msweden mwenzake, Christopher Aurivillius, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1910. Aurivillius huyohuyo, mwaka 1925, miaka mitatu kabla ya kifo chake, ndiye aliyemwandika nondo wetu katika sayansi na kumpa jina la mti anaoula, Podocarpus, ambao sisi tunauita podo.

Nondo huyu amerekodiwa Kenya, Uganda na Tanzania, na makazi yake ya asili ni misitu ya milimani ambako podo huota. Anayepanda mlima kutoka lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hupita kwenye msitu wa namna hiyo: podo wenye majani membamba ya kijani kilichoiva, mitarakwa mirefu yenye magome yanayobanduka kwa vipande virefu, na vitambaa vya mandevu ya kuvumwani vikining'inia matawini. Podo na mtarakwa ni wa jamii ya konifa, miti isiyochanua maua, ambayo wengi wetu huifahamu kwa koni zake na majani yake membamba. Ni konifa wa hapahapa. Wamekuwepo Meru tangu zamani sana, na viumbe wanaowala wamekuwepo pamoja nao.

Ukoo wa Gonometa ni wa Afrika, na mtu akiwahi kumwona mmoja wao hamsahau. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa tofauti inayoonekana waziwazi. Wakishakuwa nondo hawali kitu chochote, kwa kuwa midomo yao haikuumbwa kwa kula. Wanaishi siku chache tu kwa akiba ya chakula waliyoihifadhi mwilini wakiwa viwavi, wanapandana, jike anataga mayai yake na maisha yanaishia hapo. Kula kote, na kwa hiyo madhara yote, ni kazi ya kiwavi.

Kiwavi mwenyewe ni mkubwa na ana manywele mengi. Mchana hulala akiwa amejibana kwenye tawi au gome, manywele yake yakishuka ubavuni na kuziba kivuli kati yake na mti, hata macho yaliyozoea msitu yanaweza kumpita. Akiwa kazini huishika sindano ya msindano kwa miguu ya mbele, akaitafuna kutoka nchani kushuka chini mpaka kibaki kishina kifupi, kisha anahamia nyingine. Chini ya mti huacha ushahidi, yaani punje kavu za kinyesi zilizotapakaa juu ya sindano zilizoanguka. Anayetaka kujua kama kuna viwavi juu ya mti wa mita 20 hana haja ya kupanda. Atazame chini kwanza.

Kiwavi akikomaa hujisokotea kifukofuko cha hariri, kigumu, chenye manywele yanayochoma yaliyochomekwa kwenye ukuta wake. Ndugu zake wa nyika wanajulikana zaidi kwa vifukofuko hivyo. Kusini mwa Afrika, Wasan huvijaza vijiwe na kuvifunga miguuni kama njuga za ngoma. Kule Kalahari ng'ombe waliovimeza wakati wa ukame wamekufa kwa kuziba tumbo. Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimefanya kazi na wananchi wa Mwingi kuvuna hariri ya Gonometa postica anayeishi kwenye migunga. Kwa hiyo tunazungumzia ukoo wenye madhara na manufaa pamoja, kama ilivyo kwa viumbe wengi tunaowaita waharibifu.

Miti iliyotoka Mexico

Hakuna aina hata moja ya msindano iliyo ya asili katika Afrika kusini mwa Sahara. Msindano unaopandwa zaidi katika nyanda zetu za juu, Pinus patula, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia, asili yake ni Mexico. Msaiprasi wetu, Cupressus lusitanica, unatoka Mexico na Amerika ya Kati. Mwingine, Pinus radiata, ulitoka California. Idara za misitu za enzi za ukoloni ziliichagua miti hii kwa sababu hukua haraka, hunyooka na hutoa mbao laini, wakati podo na mtarakwa huchukua muda mrefu sana kufikia umri wa kuvunwa.

Ndivyo yalivyozaliwa mashamba ya Meru/Usa, West Kilimanjaro, North Kilimanjaro na Sao Hill kule Mufindi, ambayo leo yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Olmotonyi pia ni makao ya Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937, na jirani yake uko msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Maofisa misitu wengi wa nchi hii wamejifunza kupima, kupogolea na kupunguza miti kwenye miteremko hii.

Katika kupanda kwa namna hiyo liko jambo moja lenye hatari. Msitu wa asili una podo mmoja hapa, mwingine pale, katikati yake mizeituni ya porini, milozilozi na miti mingine ya kila umri. Nondo jike anayetafuta mahali pa kutagia hulazimika kusafiri, na njiani kuna popo, ndege na buibui. Shamba la misindano kwa upande wake ni sinia la pilau lililowekwa mezani bila mwenye kulilinda: chakula cha aina moja, mkono haufiki mbali kabla ya kupata kingine. Nondo aliyezoea podo hakuhitaji kubadilika sana ili aionje miti hiyo mipya. Ilitosha kuwa konifa.

Kilichotokea Muko

Tukio linalojulikana vizuri kitaalamu lilitokea Muko, wilaya ya Kigezi ya wakati ule, kusini magharibi mwa Uganda, mahali pa milima na baridi kama ya kwetu. Viwavi wa Gonometa podocarpi walijaa kwenye mashamba ya miti ya kigeni na kuivua majani. Mtaalamu wa Norway, Øystein Austarå, alifuatilia maisha yao huko, na mwaka 1971 akachapisha matokeo yake katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Mwaka huohuo, yeye na T. Jones walitoa orodha ya vipepeo na nondo ambao viwavi wao hula miti ya kigeni ya mbao laini katika Kenya, Uganda na Tanzania.

Orodha hiyo ni ya kutafakari. Wengi wa wadudu wake ni wenyeji wa Afrika waliokutana na chakula kipya. Mmoja wao ni Orgyia mixta, ambaye aliharibu misindano na misaiprasi nchini Kenya. Jike wa ukoo wa Orgyia hana mabawa ya kuruka. Akitoka kwenye kifukofuko hubaki palepale, dume humfuata kwa harufu, naye hutaga mayai juu ya kifukofuko chake mwenyewe. Watoto wake wakianguliwa hujiachia kwenye uzi mwembamba wa hariri na upepo huwachukua hadi mti wa jirani. Katika msitu mchanganyiko wengi wao huangukia mti usiolika na kufa kwa njaa. Katika shamba la miti ya aina moja, kila upande upepo unakovuma kuna chakula.

Madhara ya viwavi kwa mwenye shamba hayahesabiki kwa miti iliyokufa peke yake. Mti wa majani mapana, kama mringaringa au mgunga, ukivuliwa majani huchipua tena kwa urahisi. Msindano hauna wepesi huo. Ukivuliwa mara moja unadumaa, ukivuliwa tena na tena unaweza kufa, na ulio dhaifu hukaribisha magonjwa na wadudu wengine. Mbao inayotarajiwa leo inachelewa kwa miaka.

Wageni wasio na maadui

Mashamba yetu yameumizwa zaidi na wageni kuliko nondo wa podo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ugonjwa wa ukungu wa Dothistroma ulianza kukausha sindano za Pinus radiata Afrika Mashariki, na miaka michache baadaye upandaji wa mti huo ukaachwa. Baadaye wakaja vidukari wa misindano. Kisha mwaka 1986 vidukari wa misaiprasi walionekana Malawi, mwaka 1988 wakawa wamefika Tanzania, na mwaka 1990 wakawa Kenya. Watu wazima wa Arusha, Tengeru na Usa River wanakumbuka uzio wa misaiprasi ukigeuka kahawia kipande kwa kipande, nyumba hadi nyumba. Vidukari hao hawakuiacha hata mitarakwa ya asili.

Kilichowapa nguvu ni kwamba walikuja bila adui zao. Ilibidi watafiti wamtafute ng'ambo nyigu mdogo anayeitwa Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidukari, na katika miaka ya 1990 akaachiliwa katika nchi kadhaa za ukanda huu. Kazi hiyo ilihitaji fedha, maabara na miaka ya subira.

Nondo wa podo yuko tofauti, na hapo ndipo liko tumaini letu. Yeye ni mwenyeji, na amezungukwa na maadui wenyeji. Kuna nyigu na nzi ambao watoto wao hukua ndani ya viwavi. Kuna kekeo, ndege tunaowasikia wakilia msimu wa mvua unapokaribia, ambao ni miongoni mwa ndege wachache wanaokula viwavi wenye manywele bila shida. Kuna hata ugonjwa wake mwenyewe: mwaka 1973 watafiti J. F. Longworth, C. C. Payne na R. Macleod walieleza kuhusu virusi waliovipata kwa viwavi wa nondo huyu. Viwavi wanaposongamana, ugonjwa huambukizana kwa wepesi, na wingi wao wenyewe huwa chanzo cha anguko lao.

Maadui hao hawaishi kwenye mistari ya misindano mwaka mzima. Nyigu mzima huhitaji chavua na nekta ya maua. Kekeo huhitaji ndege wengine wa kuwatagia mayai kwenye viota vyao. Popo huhitaji mashimo ya miti mikongwe. Vyote hivyo viko msituni kwa asili, kwenye makorongo yenye maji, na kwenye vipande vya uoto ambavyo mtu mwenye haraka huviona kama eneo lililopotea bure. Kila korongo linalofyekwa ili kuongeza safu tano za misindano linaondoa sehemu ya jeshi ambalo hakuna anayelilipa mshahara.

Msitu huohuo ndio unaotupa maji. Themi, Nduruma, Usa na chemchemi nyingi zinazonywesha Arusha na Arumeru zinaanzia kwenye miteremko hii. Ukiulinda kwa ajili ya maji unakuwa umeulinda pia kwa ajili ya mbao, na hizo ni sababu mbili ambazo mjumbe wa kijiji na mwenye kiwanda cha mbao wanaweza kukubaliana nazo katika kikao kimoja.

Macho ya wanaolima taungya

Mlipuko wa viwavi huanza kidogo, kwenye kona moja ya shamba, na kawaida huwa umeshaendelea unapoonekana barabarani. Ulaya wanalijua hilo kwa uchungu. Nondo wa misindano wa ukanda wa Mediterania, Thaumetopoea pityocampa, amekuwa akisogea kuelekea kaskazini mwa Ufaransa kadiri majira ya baridi yanavyopungua makali, na huko wananchi wameingizwa katika kazi ya kutoa taarifa wanapoona viota vyake vyeupe.

Sisi tunao watu wa kazi hiyo tayari. Katika kilimo cha taungya, mwananchi hupewa eneo lililovunwa, akalima viazi, maharage au karoti katikati ya miche huku akiipalilia, mpaka kivuli kinapofunga. Yeye yuko shambani alfajiri, ameinama, macho yake yako kimo cha mche. Ndiye wa kwanza kuona tawi lililovuliwa, punje za kinyesi juu ya udongo, au kifukofuko kilichogandishwa kwenye shina. Anahitaji kuelezwa tu nini ni cha kawaida na nini si cha kawaida, na kupewa namba ya kumpigia ofisa misitu anayesikiliza.

Maelezo yenyewe ni mafupi. Usimshike kiwavi mwenye manywele kwa mikono mitupu, na usisugue macho baada ya kugusa kifukofuko, kwa sababu manywele yake huchoma hata baada ya mdudu kuondoka. Piga picha ya kiwavi, ya tawi na ya mti mzima. Hesabu ni miti mingapi imeguswa katika safu yako. Usiwashe moto kwa nia ya kuwaua. Moto wa Meru umekwisha kuteketeza misitu mingi kuliko kiwavi yeyote. Usinyunyizie dawa kwa kubahatisha, kwa kuwa dawa inayoua kiwavi huua na nyigu wanaomla, na mwaka unaofuata kiwavi hurudi akiwa hana wa kumzuia. Toa taarifa ofisi ya shamba la miti, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake yako hapahapa Ngaramtoni.

Nalo ni jambo la kujivunia kwamba Arusha ina kila kinachohitajika ndani ya safari fupi ya daladala: chuo cha kufundisha maofisa misitu, msitu wa mafunzo wa chuo kikuu, mamlaka ya afya ya mimea, shamba la serikali na hifadhi ya taifa yenye podo waliosimama. Hata wanafunzi wa sekondari za kando ya msitu wanaweza kuanza kesho asubuhi kwa kukagua ukuta ulio chini ya taa ya ulinzi, ambako nondo waliovutwa na mwanga hubaki wametua, na kuandika daftarini wamemwona nani na tarehe gani. Daftari la namna hiyo likitunzwa kwa miaka kumi lina thamani kubwa, kwa kuwa mlipuko hauwezi kutambuliwa na watu wasiojua hali ya kawaida ikoje.

Kabla ya kupanda tena

Sehemu kubwa ya hoja hii inaangukia mahali pamoja, nayo ni siku eneo linapovunwa na kusubiri kupandwa upya. Siku hiyo ndipo huamuliwa kama makorongo yataachwa na uoto wake wa asili, kama misindano itatenganishwa na vipande vya miti mingine, kama miche yote itatoka kwenye mbegu za aina moja, na kama podo na mtarakwa watapewa japo ukingo wa shamba. Mtu binafsi mwenye ekari mbili za misindano pale Oldonyosambu au Nkoaranga anakabiliwa na maamuzi hayohayo, kwa kipimo chake.

Waliopanda mashamba ya kwanza hawakuwa na habari za Muko, wala za vidukari wa mwaka 1988. Sisi tunazo. Anayepanda leo kwa mpangilio uleule, safu kwa safu hadi ukingoni mwa mto, anapanda akijua. Msindano huchukua miaka mingi kufika kwenye kinu cha mbao, na kosa la siku ya kupanda hukua pamoja nao. Kwa hiyo wananchi wa kandokando ya Meru wana haki ya kuuliza, mapema, miche ikiwa bado kitaluni: katika eneo hili linalopandwa upya, ni sehemu gani imebakizwa kwa msitu wa asili, na nani amepewa kazi ya kuitazama miti?